Kula Kithai Chennai, kwa aliyelikumbuka tui la kwao

Wiki ya tatu ya kumuuguza kaka yangu Chennai, kusini mwa India, nililala nyumba ya wageni karibu na Greams Road nikamwota samaki wa kupaka. Asubuhi idli (vitumbua vya mvuke) na sambar, ule mchuzi wao wa dengu, mchana wali na sambar, usiku dosa (chapati nyembamba ya mchele) na sambar (mimi mtu wa Tanga, jirani zangu ni Wasambaa, lakini hii ilizidi). Nazi ipo, ila wameisaga chatini. Kijana wa mapokezi alichoka na malalamiko yangu, akanielekeza mgahawa wa Kithai upande wa Nungambakkam. Nimekwenda mara sita, na hizo za mwanzo nilikosea kweli. Wewe uliyeleta mgonjwa, usirudie makosa yangu.

Kwanza saa. Mara ya kwanza nilifika saa 10 alasiri na njaa yangu, nikakuta mlango umefungwa. Mchana jiko linafungwa saa 9, linawashwa tena saa 1 usiku. Bajaji zimejaa kama kwetu. Patana bei kabla hujapanda.

Ukikaa tu utaulizwa maji: ya kawaida au ya chupa? Mgeni achukue ya chupa, aone kizibo kikifunguliwa mbele yake. Halafu tazama alama kwenye menyu. Kidoto cha kijani maana yake hamna nyama, samaki wala yai. Alama nyekundu au ya kahawia ni ya wala nyama. Mchuzi wa kijani wa wasiokula nyama huweza kuja na paneer, yaani jibini, na jibini kwenye tui la Kithai mimi naliona kama maziwa mgando kwenye mchuzi wa pweza. Wahindi wanalipenda, sibishani nao. Nguruwe humo menyuni anaweza kuwepo, kwa hiyo uliza. Neno halali linaeleweka Chennai. Na mhudumu akitikisa kichwa huku na huku kama anayekataa, mara nyingi amekubali.

Sasa chakula. Anza na tom kha ya kuku, ambayo ni supu ya tui, mchaichai na mzizi wa jamaa ya tangawizi. Ile harufu ilinitoa machozi kabla ya pilipili kunitoa mengine. Vipande vya mzizi, vijiti vya mchaichai na yale majani magumu ya ndimu havitafunwi. Ni vya harufu tu, visogeze pembeni ya sahani. Nilitafuna kipande kizima kwa adabu, nikidhani kukitema ni utovu wa heshima.

Baada ya supu, agiza massaman. Ina mdalasini, iliki, karanga na viazi, na asili yake inahusishwa na Waislamu wa huko Thailand. Ukiila utadhani shangazi yako kakosea kidogo viungo, si zaidi ya hapo. Mchuzi wa kijani usikudanganye kwa rangi. Nilidhani ni wa mboga za majani, upole mtupu. Kumbe ukijani ni wa pilipili mbichi zilizotwangwa. Sema mapema wataka pilipili kidogo. Ukishaungua, kula wali. Maji yanautembeza ukali mdomo mzima.

Wathai hula kwa kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto ni wa kusukumia. Vile vijiti viwili vya kulia ni vya tambi. Nami nilipochoka nikanawa nikala kwa mkono. Chennai hakuna atakayekushangaa.

Mgonjwa wako usimpeleke kabla ya kumwuliza daktari. Ladha ya Kithai imejengwa juu ya maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, na mwenye moyo, presha au figo hiyo chumvi si rafiki yake. Kaka nilimbebea wali mweupe na maneno matamu. Alinuna siku nzima.

Bili ikija, isome. Kodi ya GST, yaani ya bidhaa na huduma, kwa mgahawa wa kawaida ni asilimia 5, imeandikwa nusu kwa nusu, 2.5 na 2.5. Ndani ya hoteli kubwa hufika 18. Ukiona na ada ya huduma, jua kwamba tangu 2022 mamlaka ya India ya kulinda haki za wateja imekataza kuiongeza bila hiari ya mteja, na Mahakama Kuu ya Delhi ikaliunga mkono hilo 2025. Omba kwa upole iondolewe. Mimi niliomba, ikaondolewa, nikamwachia kijana noti mkononi. Wenyeji hulipa kwa simu. Wewe beba taslimu au kadi.

Na kama umefika kati ya Aprili na Juni, msimu wa maembe, usiondoke bila wali wa kunata kwa tui na embe. Agiza sahani mbili, moja wafunge ya kubeba. Ile ya pili haikufika nyumba ya wageni. Niliimalizia ndani ya bajaji.