Mtoto anayeongezewa damu kila mara: jinsi ya kumkinga na maambukizi
Kwa mzazi wa Kisumu mwenye mtoto wa thalasemia au selimundu (magonjwa ya damu ya kurithi): damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi mapya ya mtoaji huweza kupita kabla kipimo hakijayaona. Kagua kijitabu cha kliniki: chanjo ya homa ya ini B ni wiki ya 6, 10 na 14. Ya C haina chanjo, basi omba apimwe kila mwaka.

Mfuko wa damu ukitoka kwenye friji umalizike ndani ya saa 4. Bakteria huzaana kwenye joto. Akitetemeka au joto likipanda nyuzi 1, mwite muuguzi afunge mrija papo hapo, usingoje. Homa ikija siku za baadaye, apimwe malaria. Vimelea husafiri na damu pia, na huku kando ya ziwa mtu huweza kuwa navyo bila kuugua.