Sweta, kofia na blanketi mkononi kwa wakati mmoja: namna ya kupanga kazi za kufuma kabla baridi haijashuka

Kwa fundi wa kufuma wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, mwezi wa Julai hauna huruma. Mvua inapiga mteremko huu wa kaskazini wa Mlima Elgon, ukungu unaganda mpaka saa nne asubuhi, na ghafla kila mtu anakumbuka kwamba anakufahamu. Mama mjamzito anataka kofia, soksi na blanketi. Mzazi anataka sweta ya shule kabla muhula wa tatu haujafunguliwa Septemba. Vijana wanaokimbia alfajiri wanataka kofia za kufunika masikio, na wanazitaka jana.

Kwa hiyo hakuna fundi wa huku anayeshika kazi moja mpaka iishe ndipo aguse nyingine. Tatizo wala si wingi wa kazi. Unaweza kuwa na tatu mkononi ukalala vizuri, na unaweza kuwa na mbili tu ukachanganyikiwa, kama zote mbili zinakutaka uhesabu. Hilo ndilo nitakalolirudia hapa chini. Mwongozo ni wa mtu ambaye tayari anajua kuanzisha vitanzi, kufuma mbele na nyuma, na kutumia kroshia.

Hatua ya 1: Panga kwa siku ya kuvaliwa

Chukua daftari. Kila kazi iandike kwa tarehe ambayo mwenyewe ataivaa, si tarehe aliyokuletea. Aliyetangulia kuagiza si lazima atangulie kupata. Mtoto anayetarajiwa mwezi ujao anampita mwanariadha aliyeagiza kofia wiki mbili zilizopita, na mwanariadha akielezwa vizuri huelewa.

Kutoka tarehe hiyo rudi nyuma wiki nzima. Wiki hiyo ni ya kuunga vipande, kufua na kukausha. Wakati wa mvua sweta nene inaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka, na hakuna mteja anayetaka kupokea nguo yenye harufu ya unyevu.

Halafu pesa. Huku kwetu mifuko hujaa kahawa inapoanza kuchumwa, kuelekea mwisho wa mwaka. Julai watu wana baridi lakini hawana shilingi. Usikatae kazi zao, ila pokea kwanza hela ya uzi wote. Ufundi wako unaweza kudaiwa, uzi wa dukani haukopeshwi. Kazi ambayo hela yake ya uzi haijaja haimo kwenye orodha.

Hatua ya 2: Igawe kazi kabla hujaigusa

Mimi nagawa mafungu matatu.

Kazi ya kichwa ni ile yenye kuhesabu: sweta yenye shingo na makwapa, ua lenye rangi mbili, kitu chochote chenye kupunguza vitanzi kila baada ya mistari kadhaa. Hii inakaa nyumbani, juu ya meza, na inafumwa nyumba ikiwa kimya.

Kazi ya mkono ni ile ambayo vidole vinaijua vyenyewe: skafu, mgongo wa sweta ukishavuka mkanda wa chini, blanketi la miraba. Unaifuma huku unazungumza na jirani au unasikiliza redio.

Kazi ya begi ni ndogo, nyepesi, ya kubeba kwenye taksi ya kwenda Mbale au kwenye foleni ya kliniki. Hapa kroshia haina mpinzani. Kwenye kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Dereva akikanyaga breki, kikichomoka, unafumua mshono mmoja au miwili na kuendelea. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote viko wazi, na themanini vikichomoka ndani ya gari lililojaa utalia.

Sheria yangu: kila fungu kazi moja. Kazi moja ya kichwa, moja ya mkono, moja ya begi. Ya nne haianzishwi mpaka mojawapo iishe, na inayoingia ni lazima iwe ya fungu lililoachwa wazi. Sweta mbili za shule zenye vipimo tofauti zikianzishwa pamoja, mkono wa sweta moja utaingia kwenye kifua cha nyingine.

Hatua ya 3: Nunua uzi wote mara moja

Kwenye lebo ya uzi kuna namba ya rangi, na kando yake kuna namba nyingine ya pipa ambamo uzi ulitiwa rangi. Hii ya pili ndiyo wengi hawaiangalii. Maruni ya pipa moja na maruni ya pipa lingine dukani hufanana, lakini juani mgongo wa mtoto utaonekana umekatwa katikati. Uzi wa kazi moja utoke pipa moja. Ukikosa, fuma mistari miwili ya uzi wa zamani na miwili ya uzi mpya kwa kupokezana, mpaka macho yasione mahali ulipobadilisha.

Kwa kukadiria, uzi wa unene wa kati: sweta ya mtoto wa miaka minane huweza kula gramu 300, kofia ya mtu mzima gramu 70 hivi, kofia ya mtoto mchanga gramu 30. Kroshia hula uzi zaidi kuliko sindano mbili kwa eneo lilelile, kama theluthi zaidi, kwa hiyo usikadirie blanketi la kroshia kwa macho ya sweta.

Uzi mwingi unaotufikia, uwe umetoka Mbale au umevuka mpaka wa Suam kutoka Kitale, Kenya, ni wa akriliki. Si mbaya. Unafulika kwa urahisi na haurudi mdogo. Ila sufu halisi ina kitu ambacho akriliki haina: inaweza kunywa unyevu unaofika karibu theluthi ya uzito wake kabla hujauhisi kwenye ngozi, na bado inatia joto. Kwa mtu anayechunga ng'ombe kwenye manyunyu, tofauti hiyo ni kubwa.

Sufu halisi ya bei nafuu iko kwenye mitumba. Tafuta sweta nzito, igeuze ndani, uangalie maungio. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa ovaloku, ule mshono wa mashine wa kufunga kingo, iache, ukiifumua utapata vipande vya urefu wa mkono tu. Ukiona kingo ni nzima na vipande vimeungwa kwa uzi wa mnyororo, nunua. Fumua, zungusha uzi kwenye miguu ya kiti iliyopinduliwa, funga sehemu nne, uloweke kwa maji ya uvuguvugu, kisha utundike ukiwa na kitu kizito kidogo chini ili makunyanzi yanyooke. Usitumie maji ya moto wala usisugue, sufu itashikana iwe blanketi la farasi.

Hatua ya 4: Kipande cha kupimia, kwa kila kazi

Hapa watu hukimbia kwa sababu ya haraka, na hapa ndipo haraka hupotelea.

Kwa uzi wa kati, ule ambao lebo inapendekeza sindano za milimita 4, kipimo cha kawaida ni vitanzi 22 na mistari 28 hadi 30 kwa kila sentimita 10. Mkono wako haujasoma lebo. Anzisha vitanzi 30, fuma mistari 40, funga, fua, kausha, kisha upime katikati. Usipime pembeni, kingo hudanganya.

Tazama hesabu. Mtoto ana kifua cha sentimita 66. Ongeza 8 ili apumue na avae shati ndani: 74. Upande wa mbele ni nusu, 37. Zidisha kwa vitanzi 2.2 vya kila sentimita: 81. Sawa. Sasa tuseme unakaza mkono na kipande chako kinasema vitanzi 24 kwa sentimita 10. Vitanzi vilevile 81 vitakupa upungufu: chini kidogo ya sentimita 34 mbele, na sweta nzima itazunguka 67 na nusu. Mtoto ataivaa akiwa amebana pumzi. Vitanzi viwili tu ndivyo vimeleta hayo yote.

Kofia ni kinyume, inafumwa ndogo kuliko kichwa ili ishike. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huzunguka sentimita 35 hivi, basi kofia iwe 33: vitanzi 72. Namba hiyo naipenda kwa kuwa inagawanyika kwa 8, na utosini unapunguza katika sehemu nane za vitanzi tisa tisa bila kuumiza kichwa. Ya mtu mzima mwenye kichwa cha sentimita 56 iwe 50. Hesabu inatoa 110, wewe weka 112, sehemu nane za kumi na nne.

Na ukiwa na kazi tatu, mkono hubadilika. Ukitoka kwenye blanketi la kroshia la uzi mnene ukarudi kwenye sweta, mistari ya kwanza hulegea au hukaza. Pima tena kazi yenyewe baada ya mistari kumi.

Hatua ya 5: Kila kazi na mfuko wake, sindano zake, kadi yake

Usiazime sindano za kazi iliyolala ili uanzishe kazi nyingine. Utasahau zilikuwa zipi. Kadi igharimu kipande cha boksi tu: jina la nguo, vipimo vya mwenyewe, vitanzi vya kuanzia, ukubwa wa sindano, mstari uliofikia, na nini kinafuata. Iandike kana kwamba atakayeisoma ni mtu mwingine.

Angalia namba za sindano. Zile za mtindo wa zamani wa Kiingereza huhesabu kinyume: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Namba ikipanda, sindano inakonda. Sokoni utazikuta zimechanganywa na za milimita, na "8" ya milimita ni rungu ukilinganisha. Spoku za baiskeli, ambazo wengi tulianza nazo, huwa na unene wa kama milimita 2. Ni nzuri kwa soksi na vitambaa vya viti. Sweta ya spoku itakuwa ngumu, na utaimaliza mwenyewe akiwa amekua.

Mfuko uwe wa kitambaa. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, hushika unyevu, na panya huitoboa usiku mmoja.

Hatua ya 6: Gawa saa za siku

Mchana wenye mwanga ni wa rangi nyeusi, bluu ya kiza na maruni, yaani sweta nyingi za shule. Kwa taa ya sola usiku vitanzi hivyo havionekani. Usiku fuma cheupe, njano, maziwa.

Usiiache kazi ya sindano katikati ya mstari. Kitanzi kilicholala mahali hapo hupanuka na alama haitoki kirahisi. Maliza mstari, choma ncha zote mbili kwenye kipande cha ndala kuukuu, andika kadi. Kroshia, chomeka kitanzi kwenye pini ya nepi.

Badala ya kuhesabu mistari kila unaporudi, funga kijiuzi cha rangi nyingine pembeni kila baada ya mistari kumi.

Mikono ya sweta ifume yote miwili pamoja, kwenye sindano zilezile, kila mmoja na donge lake la uzi. Ukipunguza huku unapunguza na kule. Kwa soksi fanya hivyohivyo. Ni polepole kwa macho, lakini mkono wa pili hautakungoja mwezi mzima.

Hatua ya 7: Kumalizia

Uzi unaoning'inia ufiche kadiri unavyoendelea, usiulimbikize. Kuunga vipande ni kazi ya kichwa, kwa hiyo siku ya kuunga sweta usianzishe sweta nyingine. Unga mabega kwanza, kisha shingo, halafu mikono, mbavu mwisho.

Akriliki usiipige pasi ya moto. Inalainika, inalegea, na haitarudi tena. Ifue, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze juu ya gunia safi kivulini, ivute kwa vipimo vya kwenye kadi. Ukiitundika kwenye kamba ikiwa na maji, itarefuka mpaka magotini.

Nguo za mtoto mchanga zikague mara ya pili. Kifungo kisitikisike, ndani ya soksi kusiwe na uzi wa kuzungukia kidole, na matundu ya blanketi yasipitishe kidole cha mtoto. Unapokabidhi sweta ya shule, mpe mama mita chache za uzi uleule pamoja na kifungo kimoja cha akiba. Viwiko vya mwanafunzi havifiki muhula wa pili, na ukimwachia uzi huo hutahangaika kutafuta pipa lilelile.