Kumpima mwombaji kazi bila kumpendelea mwanamume

Kabla ya kufungua barua yoyote ya maombi ya kazi ya ufundi umeme, uchomeleaji au udereva wa malori, jopo la usaili liandike vigezo vyake na uzito wa kila kimoja. Hatua hii naiona kuwa na nguvu kuliko zote. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen waliwataka washiriki nchini Marekani wawapime waombaji wa nafasi ya mkuu wa polisi: elimu ilipewa uzito mkubwa zaidi mwanamume alipokuwa nayo kuliko alipoikosa, ilhali walioamua vigezo mapema hawakuonyesha upendeleo huo.

Vigezo vyenyewe vitokane na kazi. Kuandika “awe na nguvu” hakutoshi; taja uzito wa mzigo unaobebwa, kisha kila mwombaji aubebe. Katika jaribio la vitendo, wote wafunge nyaya zilezile kwa muda uleule, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya mjadala kuanza, kwa kuwa bosi akishatoa maoni, wengine aghalabu humfuata.

Maswali ya usaili yawe yaleyale kwa wote. Ndoa, mimba na malezi ya watoto yasiulizwe. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa. Mjumbe akidai kwamba mwombaji “hataelewana na mafundi”, mwenyekiti amtake aonyeshe kigezo kinachohusika. Kisipokuwepo, hoja hiyo isiandikwe kwenye fomu ya alama.