Namna ya kulifuatilia jina la Souza: kutoka mto wa Ureno hadi cheti cha babu

Kazi yangu ni kusaidia familia kutafuta asili ya koo zao, na kati ya Wagoa (watu wenye asili ya Goa, pwani ya magharibi ya India) wa Mombasa, Nairobi na Zanzibar jina ninaloletewa mara nyingi ni Souza. Swali huwa lilelile: "Kwa hiyo sisi ni Wareno?" Usikimbilie kulijibu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Anza na mto

Sousa ni mto mdogo wa kaskazini mwa Ureno. Unapita Felgueiras, Lousada na Paredes, kisha unaingia mto Douro mahali paitwapo Foz do Sousa, si mbali na Porto. Katika karne ya 11 mabwana wa bonde hilo walianza kujitambulisha kwa mahali walipotawala. Mmoja wao ni Egas Gomes de Sousa, yaani Egas, mwana wa Gomes, wa Sousa. Hiyo "de" ni "wa" tunayoitumia tukisema Juma wa Kisauni.

Kufikia karne ya 13 ukoo huo ulikuwa umeishiwa na warithi wa kiume. Jina likaendelea kupitia mabinti, walioolewa na wana wa nje ya ndoa wa mfalme Afonso wa 3. Kwa hiyo hata kulekule bondeni, jina na damu ya kiume viliachana mapema mno.

Hatua ya 2: Kusanya tahajia zote

Sousa kwa "s" ndiyo tahajia ya Ureno ya leo. Souza kwa "z" ni ya zamani, nayo imebaki sana Brazil na Goa. D'Souza ni ya Wagoa na Wakatoliki wa Mangalore, India, waliozoea maandishi ya Kiingereza. Tahajia inakudokezea njia, lakini haithibitishi kitu. Nimewahi kutandaza mezani karatasi tatu za mzee mmoja: cheti cha ubatizo chenye wino uliogeuka kahawia kinasema "de Souza", pasipoti inasema "D'Souza", barua ya kazi inasema "Desouza". Ukitafuta umbo moja tu, utampoteza. Andika yote kwenye daftari, pamoja na mwaka na mahali karatasi ilipoandikwa.

Hatua ya 3: Tambua njia ambayo jina lilipitia

Martim Afonso de Sousa alianzisha makazi ya São Vicente, Brazil, mwaka 1532. Tomé de Sousa, gavana mkuu wa kwanza, akaanzisha Salvador mwaka 1549. Huko Brazil Waafrika wengi waliotiwa utumwani walipewa majina ya waliowamiliki. Kutoka Brazil jina likavuka tena bahari: Francisco Félix de Souza, mfanyabiashara wa watumwa, alihamia Ouidah, katika Benin ya leo, na mfalme Ghezo wa Dahomey akampa cheo cha Chacha. Alifariki mwaka 1849, na uzao wake ungali na jina hilo.

Kwa familia zetu, njia ni Goa. Martim Afonso yuleyule alifika huko kuwa gavana mwaka 1542. Katika safari hiyo alikuwamo padre Francis Xavier, nao walitia nanga Malindi.

Hatua ya 4: Sasa jibu swali la damu

Wareno waliiteka Goa mwaka 1510. Wenyeji waliobatizwa walipewa jina la Kireno, mara nyingi la padre, la msimamizi wa ubatizo au la ofisa aliyekuwapo. Familia nyingi zisizo na undugu zikatoka kanisani na jina moja. Basi jibu kwa walio wengi ni hapana: nyinyi ni Wagoa mliopewa jina la mto wa Ureno. Waambie wazee kwa upole, maana wengine wameishi na hadithi nyingine tangu utotoni.

Hatua ya 5: Tafuta kijiji

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu akina Souza ni wengi kupita kiasi. Anza na parokia ya huku alikobatizwa mzee au mtoto wake. Madaftari mengi ya zamani yaliandikwa Kilatini, hivyo José atakuwa Josephus. Soma pambizoni pia, kwani huko ndiko huandikwa ndoa ya aliyebatizwa na parokia ilikofungwa. Usishangae ukipelekwa Mumbai kwanza. Fitz de Souza, wakili aliyekuwa katika utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake kwenye kesi ya Kapenguria na baadaye Naibu Spika wa Bunge la Kenya, alikuwa Mgoa aliyezaliwa huko.

Ukilipata jina la kijiji cha Goa, mwandikie paroko. Mpe jina kamili la mzee, la baba na la mama, na miaka ya kukadiria. Waulize wazee nyumbani kama babu aliwahi kupokea "zonn", gawio la kila mwaka la wanachama wa "gaunkari", jumuiya ya ardhi ya kijiji. Kama alipokea, uliza pia "vangodd" yake, yaani mlango wa ukoo kijijini. Kwenye kumbukumbu za zamani za gaunkari utakutana na majina ya kabla ya ubatizo, kama Naik, Prabhu au Kamat.