Somo: Kuitambua Mirija ya Nyongo kwa Rangi Inayong'aa Kabla ya Kukata

Ajali inayotisha kuliko zote katika kuondoa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo ni kuukata mrija mkuu wa nyongo kwa kudhani kuwa ndio mrija wa mfuko, na mara nyingi chanzo chake ni jicho kudanganyika, wala si mkono kukosa ustadi. Rangi ya indosayanini ya kijani hulisaidia jicho hilo, kwa sababu ini huichuja kutoka katika damu na kuimwaga kwenye nyongo, na kamera ya infraredi ikiimulika, mirija hung'aa.

Hatua ya kwanza: muulize mgonjwa kuhusu mzio wa iodini, kwani dawa hii inayo.

Hatua ya pili: yeyusha unga wa miligramu 25 kwa mililita 10 za maji ya sindano, si maji ya chumvi, kisha mchome mshipani mililita 1, yaani miligramu 2.5.

Hatua ya tatu ni muda, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Dawa ikitolewa mgonjwa akiwa tayari mezani, ini lenyewe huwaka kwenye skrini na kuimeza mirija iliyo jirani; ikitolewa saa kadhaa kabla, ini huwa limefifia ilhali mirija bado inang'aa. Mimi napendelea itolewe wodini alfajiri, na isiwe chini ya dakika 45 kabla ya kuanza.

Hatua ya nne: inua mfuko kuelekea bega la kulia la mgonjwa, vuta shingo ya mfuko pembeni, kisha badili mwanga uwe wa infraredi utazame kabla hujachambua chochote. Tafuta mahali mrija wa mfuko unapoungana na mrija mkuu, na urudie kutazama kila unapoondoa mafuta, maana mwanga huu hupenya milimita chache tu.

Hatua ya tano: usibane wala kukata mpaka masharti matatu aliyoyaeleza daktari wa upasuaji Strasberg mwaka 1995 yatimie: pembetatu iliyo kati ya mrija wa mfuko, mrija wa ini na ini lenyewe isafishwe mafuta na nyuzi, theluthi ya chini ya mfuko ibanduliwe kutoka kwenye ini, na vionekane vitu viwili tu vinavyoingia mfukoni, yaani mrija wa mfuko na ateri yake. Kung'aa peke yake si ruhusa ya kukata.

Maswali ya wanachama

*Daktari, je, rangi hii huonyesha mawe yaliyomo kwenye mrija mkuu?*
Usiitegemee kwa hilo. Ukishuku mawe, piga eksirei ya mirija kwa dawa ya kutofautisha.

*Mfuko ukiwa na uvimbe mkali na mirija isionekane, tufanyeje?*
Msilazimishe. Mnaweza kuondoa sehemu tu ya mfuko, kumwita mwenzenu mwenye uzoefu zaidi, au kufungua tumbo. Mgonjwa anayeamka na kovu refu lakini mrija mkuu ukiwa mzima ametendewa haki.

*Na ateri ya mfuko?*
Mwombe daktari wa usingizi achome dozi ya pili ndogo, kamera ikiwa imekwisha kuelekezwa mahali pake, kwa sababu ateri hung'aa ndani ya takriban dakika moja na kufifia upesi.