Somo: Kizazi kikishuka, ulizia na choo

Mama akija kulalamika kuwa nyama inachomoza ukeni, wengi wetu wahudumu tunaulizia mkojo na kuishia hapo. Choo tunakiruka, na yeye kwa aibu hakitaji.

Hatua ya 1: Muulize mkiwa wawili. Mkwe aliyemsindikiza asubiri nje. Anapata choo mara ngapi kwa wiki? Chini ya 3 hesabu amefunga choo. Anajikamua? Akimaliza anahisi kimebaki? Ushuzi au choo kinamponyoka? Mpe chati ya Bristol, yenye picha za aina 7 za choo, aonyeshe kwa kidole: aina ya 1 ni gololi kama za mbuzi, 3 na 4 ni kizuri, 7 ni maji matupu.

Hatua ya 2: Swali la mkono. Mimi huanza hivi: "Kuna akina mama hubonyeza kwa mkono ndipo choo kitoke. Wewe je?" Mmoja alifunga na kufungua pindo la kanga, akafunga tena, kisha akasema, "Kumbe tuko wengi?" Andika anabonyeza wapi. Akibonyeza ndani ya uke, shuku ukuta wa nyuma wa uke umelegea na puru inatunia ukeni.

Hatua ya 3: Dawa anazotumia. Vidonge vya kuongeza damu na tramadoli ya maumivu hufunga choo.

Hatua ya 4: Mpime, kwa ridhaa yake. Zuia ukuta wa mbele kwa spekulamu ya Sims (kifaa cha kutazamia uke), asukume, utazame wa nyuma. Halafu kidole njia ya haja kubwa: abane, kisha asukume. Misuli ikibana badala ya kulegea anaposukuma, kushona ukuta pekee hakutamaliza shida yake ya choo.

Damu chooni, kukonda, au choo kubadilika bila sababu: rufaa mapema, usisingizie kizazi.

Maswali ya wanachama

— Shikamoo sista. Zahanati yetu haina Sims.
— Marahaba. Fungua skrubu ya Cusco, spekulamu ya pande mbili, uitenganishe, tumia upande mmoja.

— Kilichotoka zaidi ndicho chenye shida zaidi ya choo?
— Wala. Kuna aliyeshuka kidogo anayeteseka kila asubuhi, na aliyetoka nje kabisa asiye na neno. Ndiyo maana tunauliza.

— Akisubiri rufaa afanyeje?
— Maji, mboga, matunda, na asijikamue. Mwenye choo cha kukaa aweke miguu juu ya kigoda. Wa choo cha kuchuchumaa kigoda cha nini?