Mnaojenga kidogo kidogo, saruji isitangulie

Ndugu zangu mnaojenga kidogo kidogo, pesa ikipatikana msikimbilie saruji. Nunueni mchanga, kokoto, tofali. Hivyo vinasubiri, saruji haisubiri.

Msingi wetu ulikwenda vizuri, kuta zikapanda hadi usawa wa madirisha, tukafurahi kweli. Nikanunua mifuko 20 ya saruji ya kumalizia kozi za juu, yaani safu za tofali, na lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango, nikihofia bei kupanda. Kisha mtoto akaugua, hela ya fundi ikaenda hospitali, na mvua zikaanza. Tuliporudi saiti baada ya miezi 4, mifuko 7 iliyolala chini ilikuwa imeganda kama jiwe. Mke wangu alilia, nami iliniuma sana.

Ukilazimika kuhifadhi, panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, funika kwa turubai, na utumie kwanza iliyotangulia kuingia. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usikubali fundi ayaponde na kuyatia kwenye zege la lenta au nguzo.

Na maji jamani! Lenta ikishamwagwa, imwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Zege hupata nguvu likiwa na unyevu, na mafundi wengi wakishalipwa hawarudi kumwagilia. Sisi tulifunika kwa magunia yaliyolowa, jua la Dodoma lisiikaushe mapema. Sasa tunadunduliza mbao za kenchi, yaani fremu ya paa, bati zitafuata.